Fimbo ya besi kwa chambo cha juu ya maji na jekibeti: angalia inapopinda kabla hujauliza bei

Mvuvi_Alfajiri (Dallas, Texas)

Wakuu, habari za wikendi.

Humu jamvini kila baada ya muda anatokea mtu anauliza "fimbo gani kali ya kuvulia besi?" na majibu yanayokuja ni majina ya kampuni na bei. (Kwa wageni: besi ni samaki mwindaji wa maji yasiyo na chumvi.) Nimekuwa msomaji tu, lakini leo nimeona nifungue uzi. Kuna kijana ametoka Tanga mwaka jana, tunasali msikiti mmoja. Amenunua fimbo ya dola 180 kwa maneno ya muuzaji, na Jumamosi nimemwona kwa macho yangu akipoteza samaki wanne mfululizo, wote kwenye chambo cha juu ya maji. Iliniuma, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza ulikuwa hivyo hivyo na hakuna aliyeniambia kosa liko wapi.

Yangu yalitokea Ziwa Fork, mashariki ya hapa. Hili ni bwawa lililojaa miti iliyokufa imesimama majini, na ndiko alikotoka besi mkubwa kuliko wote waliowahi kupimwa Texas, pauni 18.18, tarehe 24 Januari 1992. Ilikuwa mwezi wa sita, saa kumi na mbili kasoro, ukungu bado umelala juu ya maji. Nilikuwa na fimbo ya futi 7 na inchi 6, imeandikwa H, yaani nzito, na mshipi wa kusuka wa pauni 50. Chambo kilikuwa Super Spook, kile kinachofanana na biri kubwa, ukikivuta kinakwenda upogoupogo juu ya maji, kulia, kushoto, kulia.

Kilipofika ubavuni mwa kisiki, maji yalipasuka kama mtu ametupa tofali. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Samaki alitoka mzima nje ya maji, nikamwona mdomo ulivyo wazi, mara mshipi ukalegea na chambo kikarudi kikipita karibu na sikio langu. (Tafadhali vaeni miwani, hata ya bei rahisi. Ndoana za kucha tatu zikikurudia usoni si jambo dogo.) Nilipokishika chambo nikakuta kwenye kucha moja kipande cha ngozi ya mdomo, chembamba, kinaonyesha upande wa pili, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Asubuhi ile walikwenda watatu namna hiyo.

Sasa sababu. Chambo cha juu na jekibeti (chambo chembamba cha sura ya dagaa, kinachochezwa chini ya uso wa maji) vyote viwili vinatumia ndoana ndogo za kucha tatu, waya wake mwembamba. Ndoana ya namna hiyo haihitaji nguvu kuingia, samaki akifunga mdomo tu imeshaingia nusu. Kinachohitajika ni kuizuia isitoke. Ukiwa na fimbo ngumu na mshipi usionyumbuka, mshtuo wote wa mkono wako unaishia kwenye tundu dogo la ngozi. Tundu linapanuka. Samaki akiruka na kutikisa kichwa, chambo chenyewe kina uzito, kinapiga huku na huku, kinachomoka. Fimbo inayopinda vizuri inamfuata samaki, akija inarudi, akienda inakwenda, mshipi haulegei hata kidogo.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna NGUVU ya fimbo, yaani inabeba uzito gani. Na kuna MAHALI INAPOPINDA. Fimbo mbili zinaweza kuwa na nguvu sawa, moja ikapinda nchani tu, nyingine ikapinda hadi karibu na katikati. Juu kidogo ya mpini utaona herufi. M ni nguvu ya wastani, MH ni wastani inayoelekea nzito, H ni nzito. Halafu F ni ile inayopinda theluthi ya juu, MF inashuka chini zaidi kidogo. Pembeni yake wameandika uzito wa chambo kwa aunsi na uzito wa mshipi kwa pauni. Hayo maandishi madogo ndiyo ya kusoma kabla ya bei, ingawa kampuni hazilingani. M ya huyu ni MH ya yule.

Ndiyo maana mimi siamini herufi peke yake. Dukani naingia na chupa ya maji ya nusu lita na kamba fupi. Kama wanakubali, naifunga kamba kwenye pete ya nchani, nainua chupa taratibu kutoka sakafuni, halafu naitazama fimbo kwa ubavu. Nusu kilo inatosha kukuonyesha. Ikikunjika nchani na chini ikabaki imenyooka kama rula, hiyo ni ya kazi nyingine. Ikitengeneza upinde mzuri unaoanzia nchani ukashuka mpaka pete ya nne au ya tano, hiyo ndiyo ya ndoana za kucha tatu.

Kwa ninavyovua mimi: chambo cha juu, futi 6 na inchi 8 hadi futi 7, nguvu M au MH, kupinda MF. Jekibeti, futi 6 na inchi 6 hadi inchi 10, nguvu M. Kuhusu kupinda kwa fimbo ya jekibeti najua humu kutakuwa na ubishi, na ninaukaribisha.

---

KolekoleMafia (Dar es Salaam)

Mkuu heshima yako, ila hapa napinga. Huku kwetu tunavua kolekole kwa popa, yaani vyambo vya juu vinavyorusha maji vikivutwa, ndoana hizo hizo za kucha tatu, na fimbo ni ngumu kwelikweli, mshipi wa kusuka wa pauni 80. Ukija na fimbo laini kolekole wa kilo 20 anakuingiza kwenye matumbawe na unarudi mikono mitupu. Popa kubwa nayo ukiivuta kwa fimbo laini hairushi maji. Nadhani kijana tatizo lake ni mkono, si fimbo.

---

Mvuvi_Alfajiri

Ndugu yangu, kwa kolekole uko sahihi kabisa, nisingekuja kwako na fimbo yangu hii. Lakini tazama tofauti. Ndoana ya popa yako ni nene kama msumari, inahitaji kupigiliwa, na mdomo wa kolekole ni mgumu. Popa yenyewe inafika gramu 100 na zaidi. Chambo changu kizito kabisa ni gramu 25, vingi ni kati ya 7 na 18. Besi ana mdomo mkubwa lakini pembeni kuna ngozi nyembamba kama karatasi, ukimwinulia juani unaona mwanga. Na samaki mzuri wa kujivunia ni kilo 2 au 3. Ukimpiga kwa nguvu ya kolekole unamchana.

Kuhusu mkono umegusa jambo la kweli. Maji yakipasuka, mwili wote unataka kuvuta saa hiyo hiyo. Kumbe mara nyingi samaki amekikosa chambo au amekigonga tu. Usivute kwa kusikia, vuta kwa kuhisi uzito. Endelea kukitembeza chambo mpaka fimbo yenyewe ianze kuinama, hapo ndipo uelekeze pembeni kwa mvuto mrefu, si kwa kushtua. Fimbo inayopinda chini inakupa nafasi ya kufanya hivyo, nusu sekunde hivi, na nusu sekunde hiyo inatosha samaki kufunga mdomo na kugeuka. Mkono na fimbo vinafundishana. Huyu kijana fimbo yake haimfundishi kitu.

---

BintiPate (Atlanta, Georgia)

Asalaam aleikum. Nimefurahi kuona uzi huu, na nina jambo ambalo wanaume humu hamlitaji: urefu wa mtu.

Mimi ni futi 5 na inchi 2, na navua nikiwa nimekaa kwenye kayaki, Ziwa Lanier. Dukani niliuziwa futi 7 na inchi 3 kwa hoja kwamba "fimbo ndefu inarusha mbali". Inarusha, sikatai. Lakini hivi vyambo viwili vinachezwa ncha ikiwa imeelekea chini, majini. Unashtua chini, unarudisha, unashtua, unarudisha. Kwa kimo changu, na nimekaa, kila nikishtua ncha inachapa maji. Chap, chap, chap. Samaki wanasikia, mwendo wa chambo unavurugika, na mshipi uliolegea unajizungusha kwenye pete ya mwisho. Mara mbili nimevunja ncha kwa kurusha bila kujua mshipi umejifunga hapo.

Na mpini jamani! Fimbo ndefu huja na mpini mrefu nyuma ya rili, kile chombo cha kuzungushia mshipi. Kila ukikunja kifundo cha mkono, kitako cha mpini kinagonga mbavu, na ukivaa jaketi la kuokolea kinanasa kwenye mkanda. Baada ya saa mbili nina alama nyekundu ubavuni. Nikabadilisha nikachukua futi 6 na inchi 6, mpini mfupi unaoishia kabla ya kiwiko, na siku ile ile nikaanza kukitembeza chambo upogoupogo bila kufikiri. Mpime kama mnavyopima kanzu: shika fimbo mahali pa rili, elekeza ncha chini kama unavua, kunja kifundo. Kama kitako kinakugusa mwilini, irudishe.

Lanier tunavua besi wa madoa, si yule wa mdomo mkubwa, na kiangazi wanapanda kutoka kina kirefu kufukuza dagaa juu. Hapo nafunga chambo kikubwa na narusha mbali kweli. Kwa hiyo natamani zile inchi 9 nilizoziacha, lakini nikipima faida na hasara nabaki na fupi.

Babangu kisiwani Pate alivua kwa mshipi wa mkono maisha yake yote. Fimbo yake ilikuwa kidole cha shahada. Samaki akishika alikuwa akimpa kidogo, kidole kinafuata, halafu ndipo anakaza. Niliposoma hapo juu kuhusu fimbo inayomfuata samaki nilikiona kile kidole chake chenye kovu la mshipi.

---

Mvuvi_Alfajiri

Dada yangu, umeandika jambo ambalo nilipaswa kuliweka kwenye bandiko la kwanza. Mimi ni futi 6 na navua nimesimama, ndiyo maana halikunijia. Na hapo kwenye kidole cha mzee sina la kuongeza, Mungu amrehemu kama ametangulia, na kama yuko hai mfikishie salamu zangu.

Georgia kwenyewe ni kitovu cha besi kwa historia. George Perry alimpata wake wa pauni 22 na aunsi 4 huko tarehe 2 Juni 1932, zaidi ya kilo 10, na mpaka leo aliyemfikia ni mmoja tu, Manabu Kurita wa Japani, Ziwa Biwa, mwaka 2009.

---

BintiPate

Yuko hai, alhamdulillahi. Zimefika.

---

Baba_Furaha (Louisville, Kentucky)

Kaka zangu na dada, mimi nimetokea Bukavu, niko hapa miaka mitatu. Navua pembeni ya maji, sina mtumbwi. Nina watoto wanne na kazi ni ya usiku, pesa ya fimbo mbili haipo. Nataka moja tu ifanye chambo cha juu na hii jekibeti. Tena hiyo jekibeti ni ipi hasa? Na chura wa plastiki naye anaingia kwenye fimbo hiyo? Nisaidieni vizuri maana nikinunua nimenunua.

---

Mvuvi_Alfajiri

Baba Furaha karibu sana, na pole na kazi ya usiku.

Jekibeti ni chambo chembamba, kirefu kama kidole cha kati au zaidi, sura ya dagaa, kina ulimi mdogo wa plastiki mbele. Ukishtua mshipi kinaruka upande. Ukiacha, kinasimama pale pale katikati ya maji, hakizami hakipandi, kama samaki aliyejeruhiwa anayetafuta nguvu. Besi humkamata wakati huo wa kusimama, siyo wa kuruka.

Fimbo moja kwa kazi zote mbili ipo, na nakwambia kwa dhati usione ni fimbo ya maskini, mimi mwenyewe nimevua na moja kama hiyo misimu mitatu: futi 6 na inchi 8 au 10, nguvu M, kupinda MF, iandikwe chambo cha robo aunsi hadi tano ya nane, yaani gramu 7 hadi 18 hivi. Hapo unarusha popa ndogo, Spook ndogo ya nusu aunsi, na jekibeti nyingi za sentimita 9 hadi 11. Zile Spook kubwa za aunsi nzima ziache. Kwa dola 70 hadi 100 unapata fimbo ya kueleweka. Fimbo ya grafaiti ni nyepesi mkononi, na kwa jekibeti wepesi ni afya, maana unashtua mkono mara mia kadhaa kwa asubuhi moja. Faibaglasi tupu inapinda vizuri lakini ni nzito, mkono utakuuma ukiwa unatoka kazini usiku.

Ubadilishe mshipi badala ya fimbo. Kwa chambo cha juu funga nailoni ya pauni 12 hadi 15. Nailoni inazama polepole sana na inanyumbuka, vyote viwili unavihitaji. Kwa jekibeti florokaboni ya pauni 10, kwa sababu inazama na kukisaidia chambo kushuka. Usije ukafunga florokaboni kwenye chambo cha juu, itakivuta pua chini na hakitatembea. Nunua ngoma ya pili ya rili kama rili yako inakubali, yaani ile sehemu mshipi unapozungushiwa, ubadilishe kwa dakika moja. Ukipenda mshipi wa kusuka kwa chambo cha juu, pauni 30, sawa, ila mbele yake unga nailoni ya urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi vidole. Wa kusuka ni laini mno, ukilegea unajifunga kwenye ndoana ya mbele.

Chura ni habari nyingine kabisa. Ndoana yake ni nene, anavutwa juu ya magugu, na samaki akishika lazima umtoe kwenye magugu papo hapo. Huyo ndiye anayetaka H, futi 7 na zaidi, mshipi wa kusuka wa pauni 50 hadi 65. Ile fimbo yangu ya masikitiko ya Ziwa Fork sikuiuza, ndiyo ya chura sasa, na kwa kazi hiyo ni fimbo bora.

---

MchaMaji (Michigan)

Ubishi ulioukaribisha umefika, mkuu.

Kwa jekibeti nataka F, si MF. Huku Ziwa St. Clair tunaanza mwishoni mwa mwezi wa nne, maji yana nyuzi 8 hadi 10, tunavua besi wa mdomo mdogo kwenye maji unayoona chini mita 3 au 4. Maji ya baridi hivyo samaki hakimbilii chambo. Unashtua mara mbili, kisha unaacha. Unahesabu kumi. Siku nyingine unahesabu ishirini, vidole vimekufa ganzi, upepo unakuliza machozi, na bado hutakiwi kukigusa. Anaposhika husikii kugongwa. Unachosikia ni kama mshipi umeongezeka uzito wa jani lililolowa. Fimbo inayopinda chini haikuletei habari hiyo mkononi.

Jambo la pili ni mshtuo wenyewe. Jekibeti inataka mshtuo mfupi mkavu. Fimbo ya MF inaumeza mshtuo, unaushtua mpini na ncha inakuja baadaye kwa uvivu, chambo kinateleza badala ya kuruka. Mimi natumia fimbo ya rili ya kuning'inia chini, futi 6 na inchi 10, M, F, mshipi wa kusuka wa pauni 10 na mbele florokaboni ya pauni 8. Samaki nawapoteza wachache sana kwa sababu nailegeza breki ya rili. Breki ndiyo inayofanya ile kazi unayoipa fimbo.

---

Mvuvi_Alfajiri

Umeeleza vizuri mpaka nimehisi baridi. Hoja ya habari mkononi naikubali, kwenye maji ya nyuzi 8 ningefanya kama wewe. Hoja ya breki naikubali nusu. Breki inatoa mshipi samaki akivuta, lakini akija mbio kuelekea kwako na kuruka, breki haina la kufanya. Hapo ni fimbo tu iliyopinda ndiyo inanyooka na kuumeza ulegevu. Nimewapoteza wengi zaidi wakija kuliko wakienda.

Nadhani tofauti yetu ni mkono wa miaka mingi. Wewe unajua kulegeza breki kwa kiasi na kutoshtua wakati wa kushika. Mtu anayeanza nitamwambia MF bado.

---

MchaMaji

Anayeanza nitamwambia aanze na F ili ajifunze kulegeza mkono. Tutakutana tu siku moja tuvue wote tuone.

---

Nahodha_Naivasha (Naivasha, Kenya)

Hamjambo nyote. Nimeona mnazungumza Marekani tu na besi wako huku kwetu karibu miaka mia. Waliletwa Ziwa Naivasha kutoka huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, wakazaana. Mimi huendesha boti ya wageni, na wageni wanaokuja na fimbo zao ndio walionifundisha haya mnayoyasema.

Mambo matatu kwa atakayekuja. Kwanza, huku hakuna kipupwe cha kugandisha. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya bahari, asubuhi ni baridi ya sweta, lakini maji hayashuki hadi hizo nyuzi 8 za ndugu wa Michigan. Chambo cha juu kinafanya kazi mwaka mzima, alfajiri na jioni, siku ya mawingu hata saa nne. Kuhesabu ishirini hatuna haja, tatu inatosha.

Pili, chakula kikubwa cha besi wetu kwa miaka mingi kimekuwa wale kamba wa mtoni wa Louisiana walioletwa 1970, na wao hukaa chini na kwenye mizizi. Kwa hiyo besi mara nyingi yuko ukingoni, kwenye mafunjo na gugumaji. Mgeni akirusha sentimita 50 kutoka kwenye mafunjo anapata, akirusha mita 3 anapata mandhari. Hapo fimbo fupi ya dada wa Pate ndiyo nzuri, inalenga. Mshipi wa kusuka pauni 30, maana shina la mafunjo lina makali.

Tatu, kiboko. Mafunjo mazuri ya besi ndiyo makao yake. Ukiona mapovu yanakuja kwa mstari, acha samaki, acha chambo, kata mshipi. Sitoi boti karibu na mafunjo kabla sijazima injini na kusikiliza dakika mbili tatu, hata mgeni akilalamika kuwa muda unapita.

Besi si wengi kama zamani. Tangu kapu waingie mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyavu zinatoa kapu kwa wingi. Ndiyo maana besi wa fimbo nawaomba wageni wawarudishe, hasa mama mwenye mayai.

---

KolekoleMafia

Nahodha, hapo kwenye "kapu" sijakuelewa.

---

Nahodha_Naivasha

Samahani. Kapu ni yule samaki mwenye magamba makubwa anayechimba tope.

---

Baba_Furaha

Ndugu zangu, narudi na ripoti.

Nilienda dukani na chupa ya maji kama kaka alivyosema. Muuzaji mwanzo alinitazama, halafu akaja kusaidia kuinua. Tulijaribu fimbo sita. Mbili zilikuwa zimeandikwa M zote, nguvu sawa, chupa ile ile. Moja ilipinda nchani tu. Ya pili ilipinda kama mundu. Ningesoma herufi peke yake nisingejua. Nikachukua hiyo ya mundu, futi 6 na inchi 8, dola 79. Nikapima na mpini, haunigusi.

Leo asubuhi nimetoka kazini saa kumi na mbili, sikwenda kulala, nilipita kwenye bwawa la karibu na Furaha mwenyewe, ana miaka tisa. Nilifunga popa ndogo. Mara ya tano kurusha maji yakalipuka na mimi nikafanya kosa lile lile, nikavuta. Akakikosa. Furaha akaniambia papa usivute, ulisema usivute. Nikarusha tena pale pale, ikalipuka tena, nikaendelea kutembeza chambo na moyo unanidunda, mpaka fimbo ikainama yenyewe. Aliruka mara mbili. Fimbo ilikuwa inapinda na kunyooka, nimeiona kwa macho. Ndoana ilikuwa imeshika kucha moja tu, pembeni ya mdomo, kwenye hiyo ngozi ya karatasi.

Alikuwa inchi 17. Furaha alimrudisha yeye.

---

Mvuvi_Alfajiri

Baba Furaha, nimesoma hii mara tatu na nimemsomea mke wangu. Kucha moja kwenye ngozi! Kwa fimbo yangu ya zamani huyo angekwenda kwenye mruko wa kwanza. Mpe mwanao mkono wangu. Yule kijana wa Tanga nimempelekea ujumbe wako, kesho anakwenda kubadilisha fimbo, bado yuko ndani ya siku 30 za duka.

Swali dogo: baada ya samaki uliukagua mshipi? Pitisha vidole kwenye sentimita 30 za mwisho, ukihisi kukwaruza kata ufunge upya. Mdomo wa besi una msasa.

---

Baba_Furaha

Sikukagua. Nimekwenda kukagua sasa hivi. Unakwaruza. Nakata.

---

KolekoleMafia

Sawa, mmenishawishi kwa upande wa besi. Mwezi wa kumi na mbili nina safari ya Nairobi. Nahodha, nikija na fimbo ya vipande viwili ya futi 6 na inchi 8, M, MF, inatosha au niongeze ya pili?

---

Nahodha_Naivasha

Hiyo moja inatosha. Ya vipande viwili ndiyo nzuri kwa safari, ila pakaa nta kidogo kwenye kiungio isilegee ukirusha siku nzima. Leta popa mbili, Spook ndogo mbili, jekibeti moja. Usilete zile za kolekole. Saa kumi na moja na nusu alfajiri uwe gatini na sweta.